Maswali ya Sheria: Hakuna Aliyemgusa, Mbona Mama Mkwe Ameshtakiwa?

SWALI

Mheshimiwa Wakili, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Nilisomea kazi hii Pune, India, na kwa miaka mitatu nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya familia moja. Mwaka 2021 kijana wao alioa binti kutoka kijijini, mwenye umri wa miaka 21. Tulizoeana upesi, kwa kuwa katika nyumba ile sote wawili tulikuwa wageni. Karibu kila siku nilimsikia mama mkwe akimsimanga kwamba wazazi wake waliahidi pikipiki na mpaka leo haijaonekana. Wifi yake naye alikuwa akimwita mzigo mbele ya watu. Simu yake walimnyang'anya. Alipougua, hakupelekwa hospitali mpaka baba yake alipotuma fedha. Mume alikuwa akifanya kazi mji mwingine na alirudi mara moja kwa mwezi. Wiki mbili kabla ya kifo chake alikuja chumbani kwangu akaniambia kwamba mama mkwe amempa mpaka mwisho wa mwezi, pikipiki ije au yeye aondoke, na kwamba kwao hana pa kurudi kwa kuwa ana wadogo zake wawili wa kike ambao hawajaolewa. Machi 2023 alijiua.

Mume, mama mkwe na wifi wameshtakiwa. Mimi sikuandikisha maelezo polisi. Niliogopa, nikamaliza masomo nikarudi nyumbani. Sasa kaka wa marehemu amenipigia simu akiniomba nitoe ushahidi. Majirani wanasema siku ile hakuna aliyemgusa, na mume hata mjini hakuwepo. Naomba kuuliza: mtu hufungwaje kwa kifo cha mtu aliyejiua kwa mkono wake mwenyewe? Na maneno yangu yatakuwa na uzito gani, mimi niliyekuwa mpangaji tu?

Msomaji, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana, maana naona msiba huu umerudi nao mpaka Tanga. Nitaanza na jibu lenyewe kabla ya maelezo. Ndiyo, kwa sheria ya India watu hawa watatu wanaweza kutiwa hatiani ijapokuwa siku ile hakuna aliyemwekea mkono. Lakini hawawezi kutiwa hatiani wote kwa mkupuo kwa sababu tu ni jamaa wa nyumba moja. Mahakama itauliza kila mmoja wao alitenda nini, lini, na kwa kutaka nini. Katika maswali hayo ndipo maneno yako yanapopata uzito.

Kwa kuwa kifo kilitokea Machi 2023, kesi itaamuliwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ile iliyotungwa zama za Waingereza, wala si kwa sheria mpya iitwayo Bharatiya Nyaya Sanhita, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Usibabaike ukisikia namba za vifungu zikipishana: kifungu cha 498A cha zamani ndicho cha 85 na 86 katika sheria mpya, cha 304B ndicho cha 80, na cha 306 ndicho cha 108. Maudhui yake karibu hayakubadilika.

Wasomaji wengine watahitaji kwanza kuelewa habari ya pikipiki. Kwetu mahari hutoka upande wa mume, na katika pwani yetu hufuatana na kilemba cha baba na mkaja wa mama. Kile ambacho Wahindi hukiita dahej huenda kinyume: mali hutoka kwa wazazi wa binti ikaenda kwa mume na jamaa zake, iwe fedha taslimu, dhahabu, friji, pikipiki au gari. Ndiyo maana sipendi kuiita mahari, kama magazeti yetu yanavyozoea kufanya, kwa sababu jina hilo linamficha msomaji nani anamdai nani. Sheria maalumu ya mwaka 1961 ilifanya kutoa, kupokea na hata kudai dahej kuwa kosa la jinai, lakini deni hilo lisilo na hati liliendelea kudaiwa jikoni na barazani, mahali ambapo polisi hawaingii, na aliyedaiwa kila siku akawa ni binti mwenyewe, ambaye hana senti yake.

Mwaka 1979, jijini Delhi, mama mmoja aliyeitwa Satya Rani Chadha alifiwa na binti yake, aliyekuwa mjamzito, baada ya jamaa wa mume kudai skuta ambayo mama huyo hakuweza kuitoa. Wakati ule hapakuwa na kifungu kilicholingana na mambo aliyotendewa mwanawe. Aliingia barabarani pamoja na akina mama wengine waliofiwa kama yeye, akashiriki kuanzisha makazi ya wanawake ya Shakti Shalini, na kesi ya binti yake ilichukua zaidi ya miaka 30. Nayataja haya kwa sababu vifungu ninavyokueleza vilizaliwa na maandamano ya akina mama wa miaka ile, na ukivisoma bila kuwakumbuka utadhani ni ukali wa bunge tu.

Kifungu cha kwanza ni 498A, kilichoingizwa mwaka 1983. Kinamwadhibu mume, au ndugu wa mume, anayemtendea mke ukatili, kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu pamoja na faini. Ukatili umeelezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mwenendo wa makusudi ambao kwa tabia yake unaweza kumsukuma mwanamke ajiue au kumletea madhara makubwa ya mwili au ya akili. Tazama kwamba akili imetajwa waziwazi. Njia ya pili ni kumsumbua mke ili yeye au jamaa zake watoe mali wasiyopaswa kuitoa kisheria. Masimango ya pikipiki, simu iliyonyang'anywa, na ugonjwa uliogeuzwa kuwa rehani mpaka baba atume fedha, yote hayo yanaweza kuingia humu, na kosa hili husimama hata kama mke angekuwa hai leo. Ugomvi wa kawaida wa nyumba, wa chumvi kuzidi au wa nani aoshe vyombo, hauingii.

Sasa nije kwenye swali lako gumu zaidi, la mkono wake mwenyewe. Kifungu cha 306 kinamwadhibu yeyote anayemchochea mtu kujiua, mpaka miaka kumi, na kuchochea maana yake ni kushawishi, kula njama, au kusaidia kwa makusudi. Hapo majaji ni wagumu, na nadhani wana haki kuwa wagumu. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilisikiliza rufaa kutoka Chhattisgarh ya mume aliyemwambia mkewe, katika ugomvi, kwamba yuko huru kufanya atakalo na kwenda atakako. Baadaye mke akafa kwa kujiua. Mahakama ilisema kwamba neno lililotoka kwa hasira, bila nia kwamba matokeo yafuate, si uchochezi, ikamwondolea kosa la 306, lakini ikaiacha hatia ya ukatili chini ya 498A isimame. Kwa hiyo upande wa mashtaka katika kesi yenu hautafika kwa kusema tu kwamba mama mkwe ana ulimi mchungu.

Hata hivyo bunge lilielewa kwamba mambo ya ndani ya nyumba hayana shahidi, na mwaka uleule wa 1983 liliongeza katika Sheria ya Ushahidi kifungu cha 113A. Mke akijiua ndani ya miaka saba tangu kuolewa, na ikathibitika kwamba mume au ndugu wa mume alimtendea ukatili, mahakama inaweza, baada ya kutazama mazingira yote, kudhani kwamba wao ndio waliomchochea. Neno ni “inaweza”. Jaji halazimiki, na hudhani baada tu ya ukatili wenyewe kuthibitishwa.

Kifungu chenye meno zaidi ni 304B, cha mwaka 1986, kinachohusu kifo cha dahej. Ndicho ninachoamini mwendesha mashtaka atakiegemea. Ikiwa mwanamke amekufa ndani ya miaka saba ya ndoa kwa kifo kisicho cha kawaida, na ikaonyeshwa kwamba muda mfupi kabla ya kifo mume au ndugu wa mume alimsumbua au kumtendea ukatili kwa sababu ya kudai dahej, basi mume au ndugu huyo anahesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha kifo. Hapa sheria ya ushahidi haisemi “inaweza kudhani”. Inasema mahakama “itadhani”, na mshtakiwa ndiye anayebaki na kazi ya kuivunja dhana hiyo. Adhabu haipungui miaka saba na inaweza kufika kifungo cha maisha. Na kujiua kumehesabiwa kuwa kifo kisicho cha kawaida, kwa hiyo hoja ya majirani kwamba hakuna aliyemgusa haiufungi mlango huu.

Swali lako liliwahi kufika mbele ya Mahakama ya Juu likiwa katika sura inayofanana sana na ya nyumba yenu. Mwaka 1990 ilisikiliza rufaa kutoka Haryana ambamo washtakiwa walikuwa wanawake wawili, mama mkwe na mwanamke mwingine wa nyumba hiyo. Binti alikuwa amekufa hata mwaka mmoja wa ndoa yake haujatimia, akidaiwa skuta na televisheni, na maiti ikachomwa haraka bila wazazi wake kupewa habari. Mahakama ilisema kwamba iwe aliuawa au alijiua, kifungu cha 304B kinatosha, na wanawake wale walibaki na hatia. Adhabu tu ndiyo iliyoshushwa hadi ile miaka saba ya chini. Mimi hukisoma kisa hicho na kusimama kwenye ile haraka ya mazishi, kwa sababu watu wasio na la kuficha huwasubiri wazazi wa marehemu wafike.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Mwaka 2000, katika rufaa kutoka Punjab, mahakama hiyohiyo ilimtia mume hatiani lakini ikawaacha huru jamaa zake, ikionya kwamba umekuwepo mtindo wa familia ya marehemu kuwakokota mahakamani ndugu wote wa mume, na kwamba kwa wasiokuwa mume vitendo vyao mahususi lazima vithibitishwe pasipo shaka. Kwa kipimo hicho, mama mkwe katika maelezo yako yuko karibu zaidi na hatari: kuna dai, kuna mali iliyotajwa kwa jina, kuna muda wa mwisho alioutoa, na kuna wiki mbili tu kati ya dai hilo na kifo. Wifi aliyemwita mzigo yuko mbali zaidi, isipokuwa kama tusi lake lilikuwa ni sehemu ya kudai pikipiki. Wewe uliyesikia ndiwe unayejua. Mume hawezi kujitetea kwa safari peke yake, kwani dai hupita kwenye simu kama linavyopita mdomoni, lakini asipothibitishiwa lolote alilolisema au kulitenda, anaweza kuachiwa.

Na sasa habari ya ushahidi wako. Uliyoyasikia kwa masikio yako kutoka kwa mama mkwe ni ushahidi wa moja kwa moja. Aliyokuambia marehemu chumbani kwako ungedhani ni maneno ya kusimuliwa, yasiyopokelewa. Lakini sheria ya India huyapokea maneno ya marehemu yanayohusu mazingira ya mkasa uliomletea kifo, hata kama alipoyasema hakuwa akitarajia kufa. Uamuzi mkuu kuhusu jambo hilo ulitolewa na Mahakama ya Juu mwaka 1984, katika kesi iliyotoka Pune hukohuko ulikosoma. Mke kijana alikuwa amewaandikia dada yake na rafiki yake barua za kulia hali yake katika ndoa, na barua hizo zilipokewa. Ajabu ni kwamba mume, aliyeshtakiwa kwa kuua, aliachiwa, kwa kuwa barua zenyewe zilionyesha pia kwamba huenda binti alijiua. Na kifo hicho kilitokea mwaka 1982, kabla ya 304B kuwepo.

Kuhusu umbali, mwaka 2003 Mahakama ya Juu ilikubali shahidi aliyekuwa Marekani ahojiwe kwa njia ya video katika kesi ya jinai, na njia hiyo sasa ni ya kawaida. Mwambie kaka wa marehemu amwombe mwendesha mashtaka apeleke maombi ya kukuita kama shahidi. Ikikubaliwa, kwa kawaida shahidi aliye nje husikilizwa mbele ya ofisa wa ubalozi wa India, nawe unao Dar es Salaam. Wakili wa utetezi atakuuliza kwa nini ulinyamaza muda wote huu. Mjibu ukweli, kwamba uliogopa ukiwa mwanafunzi ugenini.

Kabla ya hapo, kaa peke yako uandike unayoyakumbuka: siku, mahali, nani alikuwepo, na maneno yenyewe katika lugha uliyoyasikia. Usimwite kaka yake mkaandika pamoja, hata kwa nia njema. Kama huikumbuki tarehe, andika kwamba ilikuwa wiki ya mtihani au siku ya mvua, usitunge tarehe. Ukimwongezea wifi neno moja ambalo hakulisema, wakili atalikamata hilo moja na kukuvunjia mengine yote. Na kama una ujumbe wowote wa marehemu katika simu yako ya zamani, usiiuze simu hiyo wala usiifute.

SWALI

Wakili, mimi ni baba wa familia, Morogoro. Nasoma kwamba sheria hii ya India hutumiwa kuwakomoa wakwe, hata bibi wa miaka themanini hukamatwa. Je, ni haki mtoto wangu akikosana na mkewe mimi nilale mahabusu?

JIBU

Hofu yako, mzee wangu, haikupuuzwa na mahakama za huko. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliwaamuru polisi wasimkamate mtu papo hapo kwa sababu tu ametajwa chini ya 498A. Ni lazima waandike sababu za kumkamata, na hakimu azipime kabla ya kumweka rumande, na ofisa anayepuuza amri hiyo anaweza kuchukuliwa hatua. Mwaka 2022, katika kesi iliyotoka Bihar, iliyafuta mashtaka dhidi ya wakwe ambao malalamiko yaliwataja kwa ujumla tu, bila kueleza nani alifanya nini. Hilo ni sawasawa na nililomwambia mwanangu wa Tanga.

Lakini mwaka 2017 mahakama ilikwenda mbali kupita kiasi, ikaagiza kila lalamiko lipitie kwanza kwa kamati ya ustawi wa familia kabla ya mtu kukamatwa. Mwaka uliofuata majaji watatu waliziondoa kamati hizo, wakisema mahakama haina mamlaka ya kuzibuni nje ya sheria. Walifanya vyema. Mwanamke anayepigwa leo hawezi kungoja kikao cha wazee wa mtaa, ambao huenda baadhi yao walikula pilau la harusi yake.

Nakuomba pia uzitazame hesabu. Mwaka 2022 kumbukumbu rasmi za uhalifu za India ziliandika kesi karibu 140,000 za ukatili wa mume au jamaa zake, na kesi 6,450 za vifo vya dahej. Hata ukitoa katika hizo za kwanza kila shauri la uongo unaloweza kulidhania, zile 6,450 zina maiti ndani yake. Na wewe binafsi, kama humdai mkweo kitu, humnyimi chakula wala matibabu, humfungii ndani wala kumtukana kila siku, sheria hii haina kazi na wewe.

SWALI

Shikamoo Wakili. Binti yangu ameolewa Mombasa, ana miaka 22 na mtoto mchanga. Wanaishi na mama mkwe na mawifi. Wanamwambia ni tasa wa watoto wa kiume, wamemkataza kwenda kazini, chakula anapimiwa. Juzi amenitumia ujumbe kwamba amechoka kuishi. Nilimwambia avumilie, ndoa ndivyo ilivyo. Sasa silali. Je, Kenya kuna sheria kama hiyo ya India?

JIBU

Marahaba, dada yangu. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mpigie simu binti yako. Usimuulize kwa kuzunguka. Mwulize wazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimtii mtu wazo asilokuwa nalo, na mara nyingi ndilo linalomfungua. Mwambie kwamba lile neno la kuvumilia umelitengua, na kwamba nyumba yako ni nyumba yake pamoja na mtoto. Kisha nenda ukamchukue, au mtume mjomba wake aliye karibu, leo hii. Kama ataendelea kusema hataki kuishi, mpelekeni hospitali. Msiogope kwamba polisi watamshika: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakwenda kinyume na Katiba.

Sasa sheria. Kenya haina dhana ya miaka saba kama India. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamwadhibu anayemshawishi mtu kujiua au anayemsaidia kujiua, hata kwa kifungo cha maisha, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo ina kosa kama hilo. Lakini katika nchi zote mbili upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wote wa kuonyesha kwamba maneno fulani ya mtu fulani ndiyo yaliyomfikisha marehemu alipofika, na masimango ya miezi mingi hayana shahidi wala risiti. Kwa hiyo kesi za wakwe wa namna hii hazionekani sana katika mahakama zetu, ingawa sidhani kwamba mabinti zetu wanateseka kidogo kuliko wa Pune.

Ila Kenya inayo silaha moja ambayo hutumika mtu akiwa hai. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015, inapoorodhesha aina za ukatili, imeutaja kwa jina uingiliaji wa wakwe, na ikaweka humo pia mateso ya kiuchumi, ya kihisia na ya kisaikolojia. Kupimiwa chakula, kukatazwa kazi na kutukanwa kwa sababu ya jinsia ya mtoto ni mambo ambayo binti yako anaweza kuyapeleka mahakamani akaomba amri ya ulinzi, na mahakama inaweza kutoa amri ya muda hata kabla mama mkwe hajasikilizwa. Polisi nao sheria hiyohiyo inawaamuru wamweleze haki zake na wamsaidie kufika mahali salama au hospitali. Namba ya bure ya kupigia kuhusu ukatili wa kijinsia nchini Kenya ni 1195. Kwa wasomaji wa Tanzania, mlango wa kuanzia ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na mjue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake.

Ule ujumbe wa juzi usiufute. Mwambie binti yako naye asifute chochote alichoandikiwa na mawifi. Anapotoka, atoke na mtoto, kadi ya kliniki, kitambulisho na vyeti vyake vya shule. Vyombo, sanduku la harusi na maneno ya mahari mtayazungumza baadaye, mkiwa na wakili, yeye akiwa amelala kwako.